Vipele vya ndevu, wembe wa mia mbili na kipande cha shabu

Nianze na lile litakalowaudhi watu wa matangazo: mwanaume mwenye ndevu za kipilipili hatakiwi kunyoa mpaka kidevu king'ae. Yule jamaa wa kwenye tangazo la TV anayejipapasa shavu huku anatabasamu, nywele zake zimenyooka, akizikata zinaota zinatoka nje zinaenda zao. Zetu zikikatwa zinaota, zinajikunja, zinarudi kwenye ngozi, na hapo ndo habari ya vipele inapoanzia. Mi nimeishi na vipele vya shingo tangu ndevu zilipoanza kuwa ndevu kweli, na sasa hivi sina, au nikiwa navyo ni kimoja viwili vya kuja na kuondoka, na siri yenyewe haiko kwenye chupa yoyote ya dukani. Ni kuacha kidogo. Ukipitisha kiganja ukasikia msasa laini, basi, umemaliza, osha uso nenda kazini.

Wengi wanadhani vile vipele ni uchafu, au wembe wenye kutu, au damu chafu kama walivyokuwa wanasema bibi zetu, ndo maana ukimwonyesha mtu shingo yako cha kwanza anakutajia sabuni ya kuua vijidudu. Vijidudu vinaweza kuja baadaye kweli, kipele kikatunga usaha, ila chanzo ni unywele wenyewe. Kwa watu wa nywele za kujikunja, kile kishimo unywele unapoota kimepinda humo ndani ya ngozi, kwa hiyo unywele unatokeza nje tayari umeshainama. Ukiukata kwa wembe unauachia ncha kali, iliyochongoka kwa mshazari, siku mbili tatu zikipita umeota kidogo, unainama, ncha inakuta ngozi ya jirani, inachoma, inaingia. Mwili haujui kama huo ni unywele wako mwenyewe, unachojua ni kwamba kuna kitu kimeingia pasipotakiwa, basi panavimba, panawasha, na ukijikuna ndo umeharibu, kipele kikiondoka kinaacha doa jeusi linalokaa miezi.

Hiyo ni namna ya kwanza. Ya pili ni mbaya zaidi na ndo inayotokea ukikaza ngozi sana ukanyoa mpaka ndani: unywele unakatwa chini ya usawa wa ngozi, ukianza kuota tena hata nje hautoki, unatoboa ukuta humo humo ulipo. Hiki kipele hukioni unywele wake, unasikia tu kinundu chini ya taya, ukigusa kinauma.

Na si kwamba wewe una bahati mbaya peke yako. Tafiti za Marekani zimetaja kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi kuwa na tatizo hili, na kuna watafiti waliofika mpaka kwenye jeni, wakakuta kwamba badiliko dogo kwenye mojawapo ya zile za keratini, ile protini inayojenga nywele, linaongeza uwezekano wa kuota vipele. Hukohuko Marekani ilifika mahakamani kabisa: mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliona kwamba sharti la kampuni moja ya pizza, kwamba mfanyakazi asiwe na ndevu hata kidogo, linawaumiza wanaume weusi kuliko wengine, kwa sababu ya vipele hivihivi. Huku kwetu mpelekee supavaiza wa kampuni ya ulinzi hiyo hoja uone. Nimefanya kazi sehemu moja ambayo bosi alikuwa anasimama getini asubuhi anatuangalia videvu, ukiwa na kivuli cha ndevu unarudishwa, kwa hiyo kila siku ya Mungu watu tulikuwa tunanyoa juu ya vidonda vya jana. Halafu anashangaa kwa nini walinzi wake wana shingo za mabaka.

Mzee wangu hakuwahi kuwa na kipele hata kimoja na kwa miaka nilidhani ni ngozi yake tu. Kumbe mzee hakuwa ananyoa. Alikuwa anafuata suna, sharubu anazipunguza kwa mkasi mdogo kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, ndevu anaziacha anazichana. Unywele ambao haujakatwa karibu na ngozi hauna jinsi ya kurudi kuichoma, hesabu imeishia hapo. Kama kazi yako na mama watoto wanakuruhusu kufuga, fuga, huna haja ya kuendelea kusoma.

Sasa tuje kwa sisi wengine.

Kwanza nyembe. Biashara hii ya wembe wa kutumia na kutupa aliianzisha King Camp Gillette, muuzaji tu wa bidhaa huko Marekani aliyepata wazo la kipande chembamba cha chuma ambacho kikiisha makali hukinoi, unatupa unanunua kingine. Mwaka 1903, walipoanza kuuza, waliuza mashine za kuwekea wembe 51 na nyembe 168, basi. Leo kampuni ileile inajulikana kila kona ya dunia, na ili uendelee kununua ilibidi kila baada ya muda waje na jipya: 1971 wakatoa ya nyembe mbili, 1998 tatu, 2006 tano. Ukisikiliza maelezo yao yana mantiki, wembe wa mbele unauvuta unywele juu kidogo, wa nyuma unaukata kabla haujarudi, kwa hiyo ukirudi unazama chini ya ngozi na uso unabaki laini. Umeona lakini? Hiyo kazi wanayojisifia ndo ileile namna ya pili niliyoieleza hapo juu. Mwenye nywele nyoofu anafurahi. Mimi nalipa hela nyingi ili nyembe tano zinipandie vipele kwa mstari.

Ninachotumia ni ile sheva ya chuma ya wazee, unaifungua kichwa unaweka wembe mmoja wa kawaida katikati unakaza. Yangu niliipata Kariakoo kwenye duka la vitu mchanganyiko, mashine zenyewe zilikuwa zimerundikwa kwenye boksi moja na mikasi na vibano, muuzaji mwenyewe alionekana kushangaa mtu mzima anaulizia. Ina uzito wake, na huo uzito ndo unaofanya kazi, we unaishika kwa vidole viwili vitatu, huibonyezi, unailaza kidogo, nyuzi kama 30 hivi kutoka kwenye ngozi, inateleza yenyewe. Mtu aliyezoea zile za plastiki za kutupa akiishika mara ya kwanza anabonyeza kwa nguvu, damu lazima.

Wembe ni Topaz au wowote wa makali mawili unaopatikana kwa Mangi, mia au mia mbili mmoja inategemea uko wapi. Sitaki kusikia habari za kuutumia wembe mmoja mwezi mzima kwa sababu "bado unakata". Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, walichapisha kazi yao kwenye jarida la Science, waliangalia wembe na unywele kwa hadubini zenye nguvu, kwa sababu swali ni la ajabu kweli, chuma cha wembe ni kigumu kama mara 50 kuliko unywele, sasa kinaishaje makali? Walichokuta ni kwamba wembe hausuguliki taratibu tu kama tunavyodhani, unywele ukiinama ukakutana na sehemu dhaifu pale kwenye makali unabandua kipande kidogo, wembe unakuwa na mapengo usiyoweza kuyaona kwa macho. Mapengo hayo yanavuta unywele badala ya kuukata. Kwa hiyo ukisikia tu unavuta, hata kama uliuweka juzi, toa. Mia mbili si hela ya kuharibia shingo.

Maji. Hapa watu wa Dar tunajuana. Maji ya kisima ya huku kwetu karibu na bahari ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, inatoa utando mweupe unaoganda kwenye beseni na kwenye uso, na ukinyoa na utando ule wembe unakwama kila hatua mbili. Nilikuwa nalaumu sabuni, nabadilisha tu sabuni, kumbe maji. Siku hizi nina dumu dogo la maji ya mvua kwa ajili ya uso tu, masika yakija najaza madumu, yakiisha natumia ya bomba siku yakitoka, na nikikosa kabisa nanunua yale ya kunywa ya dukani, unacheka lakini kikombe kimoja na nusu kinatosha kabisa kunyoa kama unajua unachofanya. Nayapasha moto kwenye birika.

Nanyoa baada ya kuoga, sio kabla. Unywele mkavu ni mgumu, ukinywa maji unavimba unalainika na wembe unapita bila vita, ila unahitaji dakika mbili tatu za kunywa hayo maji, ule mchezo wa kujimwagia kiganja kimoja cha maji na kuanza kukwangua haulainishi chochote. Wahenga walisema zako tia maji, na mimi naongeza, subiri. Nachukua taulo dogo naloweka kwenye maji ya moto, nakamua, najifunika nusu ya chini ya uso mpaka lipoe. Ndo muda wa kusikiliza taarifa ya habari.

Krimu yoyote ya tyubu inatosha, zile za Kihindi za bei rahisi zina povu zuri kuliko povu la kopo, maana la kopo ni hewa tupu, unapaka kama keki halafu kabla hujamaliza shavu moja limeshakauka. Muhimu ni brashi. Brashi ya kunyolea yenye nywele za plastiki unaipata hukohuko Kariakoo, unaizungusha usoni kwa mduara, inanyanyua nywele zilizolala, inaingiza povu mpaka chini, na inakwangua ngozi iliyokufa ambayo ndo inazibia nywele zisitoke. Ukikosa krimu sabuni nzuri ya kipande yenye gliserini inafaa, nimenyolea sana, mpaka sabuni ya mtoto.

Sasa hapa ndo penyewe, naomba nichukue muda. Ushauri unaotolewa kila mahali ni "nyoa kwenda chini, usinyoe kwenda juu". Sio sahihi, au tuseme ni sahihi kwa mashavu tu. Kinachotakiwa ni kufuata zinavyolala, na kwenye shingo ndevu hazilali kwenda chini kwa kila mtu. Ziache siku mbili tatu bila kunyoa, halafu kaa mbele ya kioo penye mwanga wa dirishani, pitisha ncha ya kidole taratibu, kila sehemu pande nne. Upande ambao kidole kinateleza ndo zinakolala, upande unaokwaruza ndo kinyume. Mimi nilipofanya hivyo nilikuta upande wa kulia wa shingo zinalala kwenda nyuma, kuelekea sikioni, upande wa kushoto chini ya taya zinapanda juu kabisa, yaani zinaelekea kwenye kidevu, na pale katikati juu ya koromeo kuna kimduara ambacho hakina mwenyewe, nywele zinazunguka. Na vipele vyangu miaka yote vilikuwa wapi? Kushoto chini ya taya, na kwenye kimduara. Nilikuwa nanyoa kwenda chini kwa nidhamu kama nilivyofundishwa, kumbe kushoto nilikuwa nakwenda kinyume kila siku.

Kwa hiyo sasa mashavu nashuka, kulia naenda pembeni kuelekea sikio, kushoto napanda juu, na kile kimduara sikinyoi kwa wembe, nakipitishia mashine ya umeme tu mwisho. Mkono wa pili hauvuti ngozi. Najua raha ya kukaza ngozi, wembe unapita vizuri unasikia mlio wake, ila ukiiachia ngozi nywele zilizokatwa zinazama ndani, tumeshaongea hilo. Hatua fupi, suuza wembe kwenye kikombe kila baada ya hatua mbili, na kila sehemu inapitiwa mara moja. Mara moja tu jamani. Ukipapasa ukakuta pamebaki kidogo, paache, hicho kilichobaki ndo kinga yako.

Na si kila siku. Ndevu zinaota chini kidogo ya nusu milimita kwa siku, kwa mtu wa kawaida siku ya pili hakuna anayeona chochote zaidi ya kivuli. Nanyoa siku moja naacha moja, wikiendi naacha zote.

Nikimaliza maji ya baridi, halafu shabu. Kile kipande cha jiwe jeupe kinachong'aa, wauza dawa za asili na viungo wanacho kila soko, ndo kilekile watu wa vijijini wanatumia kutuliza maji ya tope. Unakilowesha unakipitisha uso mzima taratibu, kinakaza ngozi, na kama kuna mahali umejikata damu inakata hapohapo. Kinakupa na ripoti ya kazi yako pia: sehemu itakayochonyota ndo sehemu uliyoibonyeza sana, kesho uwe na adabu nayo. Unaacha kama dakika, unasuuza, unakausha kwa kubonyeza taulo sio kusugua. Kipande kimoja kama cha ukubwa wa kiberiti kinakaa mwaka na zaidi ukikianika kikauke. Sijaona cha bei mbaya kinachokizidi, na zile aftashevu za spiriti na marashi makali mi naona ni za kunukia tu, ngozi iliyotoka kukwanguliwa haihitaji moto. Mwisho tone mbili za mafuta ya nazi nasugua viganjani kwanza ndo napaka, ingawa wewe mwenye chunusi mafuta hayo yanaweza kukuzibia, tafuta loshini nyepesi isiyo na harufu.

Kuhusu saluni. Napenda saluni, napenda stori za mpira, napenda ile skrabu ya mwisho na masaji ya mabega, na kinyozi akikuchonga O vizuri unatoka pale umenyooka. Mashine ya umeme kimsingi ni rafiki wa ndevu zetu kwa sababu haikati mpaka chini, inaacha kama milimita moja au nusu. Shida inakuja kinyozi akitaka kukupendezesha, anatoa kifuniko, anaikandamiza mashine shingoni mpaka inapata moto, halafu anamalizia na wembe kuchonga mistari, halafu spiriti. Mwambie mapema kabla hajaanza: wembe hapana, usikandamize. Na mashine nunua yako, hata ya bei ndogo, unaingia nayo na kimfuko chako. Kampeni za UKIMWI zilitufundisha kutochangia nyembe na tulielewa, lakini mashine watu wanaichukulia poa, wakati meno yake yanagusa vidonda vya kila aliyekaa pale, kuna mapunye, kuna homa ya ini B ambayo virusi vyake vinaishi nje ya mwili siku kadhaa. Kuifuta na kitambaa cha spiriti sekunde tatu sio kuisafisha.

Kisogoni ndo pabaya kuliko shingoni. Kuna vipele vya kisogo vinavyoanza vidogo baada ya kunyolewa karibu sana, vinakomaa, vinaungana vinakuwa kovu nene kama keloidi ambalo nywele hazioti tena. Vikianza tu, acha kunyoa kisogo chini kabisa, na nenda kwa daktari wa ngozi, sio kwa muuza duka la dawa. Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kizima cha kufundishia madaktari wa ngozi, na hospitali kubwa za mikoa nyingi utapata mtu. Nasema hivi kwa sababu dawa ambayo watu wanajipaka kwa vipele vyovyote huku mtaani ni zile tyubu ndogo zenye steroidi ndani, dawa kali ya kutuliza uvimbe, siku tatu kipele kinalala unafurahi, ukiendelea miezi ngozi inakonda, inabadilika rangi, na ukiacha vinarudi na ndugu zao.

Na ule unga wa kunyolea unaokorogwa na maji, unaonuka mayai viza? Wenyewe unafanya kazi, nisiwe mnafiki. Unayeyusha unywele badala ya kuukata, ncha inabaki butu haichomi ngozi, ndo maana wenye vipara wengi wanaupenda. Ila dawa inayoyeyusha unywele haiwezi kushindwa kuigusa ngozi, ukizidisha dakika zilizoandikwa unaungua, kwa hiyo jaribu kwanza sehemu ndogo mkononi, na usiupake mfululizo.

Kipele kikishatokea usikikamue. Taulo la moto asubuhi na jioni, na ukiona kile kitanzi cha unywele kimejitokeza, chukua sindano uliyoisafisha, kinyanyue tu kichwa kitoke nje, kiache. Usiung'oe kwa kibano, unywele uliong'olewa unarudi kuota kutoka chini kabisa na safari hii unaweza usipate njia.

Kinachonichekesha ni kwamba wakati sisi tunahangaika kuzipunguza, vijana wa mtaani kwangu wote wanahangaika kuziotesha, kila mmoja ana kichupa cha minoxidil, dawa iliyoanza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele mwilini ndo ikageuzwa ya kupaka kichwani. Ndevu zinawaota kweli baadhi yao. Nawaambia, mkishazipata mje kwangu, shingo itawatafuta.

La mwisho ni nyembe zilizotumika, maana kwa mtindo huu unakuwa nazo nyingi. Mtoto wa shule asipewe nusu wembe wa kuchongea penseli, wa kwako ulionyolea usikatie kucha za mtu mwingine, na usitupe hivihivi kwenye mfuko wa taka, kuna vijana wanapita asubuhi kuokota chupa za plastiki na mikono mitupu. Nina kopo la maziwa ya unga, kifuniko nimekitoboa kijinafasi chembamba cha kupita wembe, likijaa naligongelea kwa nyundo mpaka libonyee, nafunga kwa gundi ya karatasi ndo linaenda.